Mama Mkwe na Safari ya Majani

Nyumbani kwetu Nyamahanga, wilayani Biharamulo, safari hupangwa sebuleni na kuamuliwa jikoni. Baba watoto hukaa na daftari lake akaandika kilomita, lita za mafuta na saa ya kuondoka. Mama yake husikiliza akiwa mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage, na akishatia neno lake mambo huwa yamekwisha. Utaratibu huo umetufaa kwa misiba, harusi na kupeleka watoto shule. Safari ya kwenda kutazama majani ndiyo iliyotuonyesha gharama ya kuisikiliza sebule peke yake.

Wazo lilitoka Marekani. Rafiki yangu wa tangu usichana alikulia kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara, katika familia ya Warundi iliyokuwa uhamishoni tangu mauaji ya 1972. Marekani ilipokubali kuwapokea watu wa kundi lile, kuanzia 2007, wao waliangukia jimbo la Vermont. Kila mwaka, kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, hunitumia picha za milima ya huko: miti imewaka nyekundu, chungwa na njano, na barabarani magari yamepangana, yamejaa watu waliotoka miji ya mbali kuja kutazama tu. Serikali ya jimbo hutoa taarifa msimu mzima kueleza rangi imefikia wapi, kaskazini na milimani kwanza, mabondeni baadaye. Vyumba vya wageni hujaa. Watu hao hawaendi kuzika wala kuoa. Wanakwenda kuangalia miti, wanalipa, wanarudi makwao wameridhika.

Binti yetu mkubwa alizitazama picha hizo jioni moja, akauliza kwa nini sisi hatuendi kutazama majani yetu.

Baba watoto akacheka kidogo, akasema kwetu hakuna majani ya namna hiyo. Yeye ni seremala. Mninga anaujua ukiwa ubao, mkurungu anaujua kwa harufu ya vumbi lake, lakini mti uliosimama porini haujampa kazi bado. Mama yake akajibu kutoka mlangoni bila kuinua macho kwenye ungo.

"Hakuna? Baba yangu alitundika mizinga katika majani hayo maisha yake yote."

Mama mkwe amezaliwa Buyungu, upande wa Kakonko, mkoa wa Kigoma, akaolewa huku Kagera akiwa binti mdogo. Marehemu baba yake alikuwa mfuga nyuki wa mizinga ya magome, ile inayovuliwa mtini ikiwa mviringo na kufungwa kwa pini za miti. Usiku ule alitueleza mambo ambayo mwanawe mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Kwamba miombo hupukutisha majani katikati ya kiangazi, na pori zima hubaki fito. Kwamba wiki chache kabla ya mvua, ardhi ikiwa bado kavu na vumbi linapaa, miti hiyo hiyo hutoa majani mapya, na majani hayo hayatoki kijani. Hutoka mekundu. Mengine rangi ya shaba, mengine waridi, mengine mekundu ya kuiva hasa. Hukaa hivyo kwa muda mfupi, kisha hukomaa yakawa kijani kama majani mengine. Wakulima wa kwao walikuwa wakiona kilima kimeanza kuwa chekundu, wanatoa mbegu darini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jambo hili nimelisoma baadaye kwa hamu kubwa, kwa sababu linafundisha. Kule Vermont jani huwa jekundu likiwa linakwenda kufa. Siku zinapofupika na usiku kuwa baridi, mti huivunja klorofili, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula, na njano iliyokuwa imefichwa ndani yake hujitokeza. Miti mingine, hasa maple, hutengeneza na rangi nyekundu wakati huo huo wa kuaga. Miombo yetu hufanya kinyume. Jani changa huzaliwa na rangi nyekundu kabla klorofili haijajaa, na wataalamu wengi huona kwamba wekundu huo ni kinga ya jani laini dhidi ya jua kali na wadudu. Maji yake mti huyatoa chini sana kwa mizizi mirefu, ndiyo maana hausubiri mvua. Mtundu, myombo na ndugu zao hufanya hivyo kuanzia Angola na Zambia hadi Msumbiji, na Tanzania ina sehemu kubwa ya misitu hiyo. Hapa Biharamulo ipo, imo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na kusini inaendelea hadi Kakonko na Kibondo na kuzidi.

Basi safari ikakubalika. Tungetoka Nyamahanga, tushike lami kwenda Lusahunga na Nyakanazi, tukunje kuelekea Kakonko. Mama mkwe angemwona kaka yake, watoto wangeona majani, na mimi ningepata picha za kumjibu rafiki yangu. Daftari likafunguliwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba watoto alizikagua zile picha za Vermont, akaangalia tarehe zake, akaandika Oktoba.

"Mwezi wa kumi mtakuta kijani kitupu," mama mkwe akasema.

"Mama, hata Marekani ni mwezi wa kumi."

"Marekani wana mvua yao. Nendeni mwezi wa tisa unapoanza, hata mwisho wa mwezi wa nane."

"Mwezi wa tisa mjukuu wako ana mtihani wa darasa la saba, na wewe mwenyewe unataka shamba la maharage lilimwe."

Mama mkwe akanyamaza, maana hilo la shamba lilikuwa kweli. Nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa naona ndilo linaloeleza kwa nini watu wa kwetu hawana desturi ya kwenda kutazama miombo. Msitu unapokuwa mzuri kuliko siku zote, mtu ana jembe mkononi. Mvua za kwanza za Septemba zikigusa ardhi ya Ngara na Biharamulo, hakuna mtu mwenye akili anayefunga safari ya kutembea. Rangi ile na kilimo vinagombea majuma yale yale.

Ipo na sababu nyingine, na mama mkwe aliisema alipokuwa akitufungia chakula. Kwa miaka mingi pori hili lilipitwa kwa hofu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Warwanda takribani laki mbili na nusu walipovuka daraja la Rusumo mpakani ndani ya siku moja na kambi zikajaa Benako, wilayani Ngara, na vilima vya jirani, silaha nazo zilivuka. Ujambazi ukaota mizizi katika mapori ya Kimisi na Biharamulo. Mabasi yalikuwa yakikusanywa na kusindikizwa na askari wenye bunduki, abiria wakiomba Mungu kimoyomoyo hadi watoke upande wa pili. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia afungue dirisha atazame majani. Na vilima vya karibu na kambi vilikatwa vikawa vipara kwa kuni. Rafiki yangu wa Vermont hukumbuka kutembea kutwa nzima akiwa mtoto kutafuta mzigo mmoja. Leo njia ni salama, lakini mazoea ya kupita haraka yamebaki.

Oktoba ikafika. Gari lilikuwa Noah ya shemeji yangu, aliyekubali kutupa kwa sharti la kujaza mafuta na kulirudisha limeoshwa. Jumamosi iliyopangwa kukawa na msiba jirani, tukaahirisha. Iliyofuata Noah ikaazimwa kubeba bibi harusi, na shemeji akasema harusi haiahirishwi kwa ajili ya majani. Baba watoto alifuta tarehe kwenye daftari, akaandika nyingine, akafuta, hadi ukurasa ukatoboka. Mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha vya kutosha, maharage yameota, na kila asubuhi mama mkwe alitazama vilima vya mbali akisema, "Vimekwisha kuwa kijani," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kifo.

Siku ya kuondoka yenyewe tulipanga tutoke alfajiri. Ilipofika saa mbili asubuhi bado tulikuwa tunapakia. Mama mkwe hawezi kwenda kwa kaka yake mikono mitupu, na hilo hakuna mtu wa kwetu atakayebishana nalo. Ndizi za kupika mikungu miwili. Kiroba cha maharage. Dumu la rubisi lililofungwa mdomo kwa majani ya mgomba. Kitenge cha wifi yake. Na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye hasira, aliyefungwa miguu na kuwekwa nyuma kwenye buti juu ya stepni. Watoto wakabanwa katikati ya mikungu. Hotipoti ya chapati nikaipakata mimi. Jirani mmoja, mama mtu mzima, akaja na mfuko wake akaomba lifti hadi Nyakanazi, tukasogea.

Kati ya Lusahunga na Nyakanazi gurudumu la nyuma likapasuka. Ni barabara ya malori yanayopeleka shehena Rwanda na Burundi, yanapita yakivuma na gari dogo hutikisika limesimama. Baba watoto akafungua buti atoe stepni. Ili kuitoa stepni ilibidi atolewe jogoo, na ili atolewe jogoo kamba yake ilibidi ilegezwe, kwa kuwa ilikuwa imejizungusha kwenye mpini wa jeki. Jogoo hakungoja maelezo. Aliruka juu ya mkungu, juu ya bega la jirani yetu, akaingia porini.

Mama mkwe alipiga kelele ambayo nadhani dereva wa lori lililokuwa likipita aliisikia, kwa sababu alisimamisha. Watoto wakakimbilia porini wakiwa na viatu vya kanisani. Baba watoto akawafuata na spana mkononi. Dereva na tandiboi wake wakashuka, wakauliza kuna nini, wakaambiwa kuna jogoo wa mjomba. Tandiboi aliingia kufukuza jogoo, dereva akatubadilishia tairi peke yake, bila kuombwa, kwa ustadi na haraka. Namwombea heri popote alipo. Madereva wa njia hii wameshawasaidia wengi, na watu hawawasemi kwa wema wao.

Mimi nilibaki nimesimama ukingoni mwa pori, na hapo ndipo nilipoyaona majani. Mtundu juu ya mtundu hadi upeo wa macho, kila jani limekomaa, zito, kijani cha shule. Palikuwa na uzuri wake, wala sitaki kuudharau. Lakini hakukuwa na wekundu hata kwenye ncha ya tawi. Binti mkubwa alitoka porini amemkumbatia jogoo, nywele zimejaa majani makavu, akatazama juu, akatazama pande zote, akaniuliza, "Mama, yako wapi?"

Baba yake alisikia. Hakujibu. Aliingia garini akaliweka daftari chini ya kiti.

Kakonko tulifika jua likiwa limeanza kuegemea. Mjomba, kaka yake mama mkwe, alipokea jogoo, ndizi na habari za safari kwa mpangilio huo. Tulipomweleza tulichofuata alishika kiuno, akamtazama dada yake.

"Na wewe ulikuwapo, ukawaacha waje leo?"

"Niliwaambia."

Ikawa ni hayo tu, na sebule yetu nzima ilikuwa imeshahukumiwa. Lakini mjomba ni mtu mwenye huruma, na aliwaona watoto walivyonywea. Aliwachukua nyuma ya nyumba, akavuka nao shamba la mihogo, nikawafuata. Kulikuwa na eneo lililokatwa miti kwa ajili ya mkaa. Tanuri lilikuwa limekwisha kuchomwa na kuondolewa, limebaki duara jeusi. Kuzunguka duara hilo palikuwa na visiki, na kila kisiki kilikuwa kimechipua. Machipukizi hayo yalikuwa mekundu, mekundu sana, yamelainika na kung'aa kwa jua la jioni.

Mjomba akaeleza kwamba mti wa miombo ukikatwa hauoni kuwa umekufa. Mizizi ipo, na inatoa matawi upya, na tawi jipya huja na rangi ile ile bila kujali mwezi. Kikiachwa, kisiki kitakuwa mti tena. Kikikatwa tena kabla hakijakua, na moto ukapita kila kiangazi, siku moja kitachoka. Akasema pia uyoga wanaouchuma akina mama mvua zikikolea huota pale tu miti hii ipo, maana uyoga na mizizi ya mtundu huishi kwa kulishana, na palipokatwa pakalimwa muda mrefu, uyoga huo haurudi. Nilimsikiliza mzee huyu asiye na shahada, nikajua kwamba kila alichosema kimo vitabuni.

Kitinda mimba wetu alichuma jani moja, akaliweka ndani ya daftari la baba yake. Ndilo jani jekundu pekee la safari ile, na lilitoka kwenye kisiki cha mkaa. Nimelifikiria sana jambo hilo. Tathmini ya taifa ya misitu ilionyesha Tanzania ina hekta milioni 48.1 za misitu, sehemu kubwa ikiwa miombo, na makadirio ya baadaye yalisema tunapoteza zaidi ya hekta laki nne na nusu kila mwaka. Mkaa wa mijini na mashamba mapya ndiyo hula sehemu kubwa. Takwimu hizo nilizifundisha darasani miaka kadhaa bila kuzihisi. Pale nyuma ya nyumba ya mjomba, na watoto wangu wamechuchumaa wakigusa machipukizi, nilizihisi.

Mwaka uliofuata daftari lilikaa jikoni. Mama mkwe ndiye aliyepanga. Shamba lililimwa mapema, mwishoni mwa Agosti, watoto wote na baba yao wakiwa na majembe, maana sharti lake lilikuwa hilo: ardhi ingoje mvua, mvua isingoje ardhi. Darasa la saba lilikuwa limeshapita. Mjomba alipiga simu akasema kilima cha mashariki kimeanza. Shemeji aliambiwa siku kwa siku, hakuwa na harusi. Mizigo ilipungua kwa amri ya mama mkwe mwenyewe, na kwa jogoo safari hii zilitumwa fedha kwa simu, mjomba akamnunua huko huko.

Tulitoka kabla hakujapambazuka, tukalikuta jua limechomoza tulipokuwa tumeshaipita Nyakanazi, na ghafla watoto wakanyamaza wote. Pande zote mbili za lami msitu ulikuwa mwekundu. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Kulikuwa na rangi ya divai, ya shaba mpya, ya waridi, ya machungwa, na hapa na pale mti uliochelewa, mtupu kabisa, au ulioanza kugeuka kijani chepesi cha manjano. Jua la asubuhi lilipenya ndani ya majani hayo laini na vivuli vyake chini vikawa na wekundu. Sehemu nyingine moto wa kiangazi ulikuwa umepita, ardhi nyeusi tii, mashina yameungua, na juu yake dari jekundu. Mama mkwe aliamuru gari lisimame. Alishuka, akatega sikio, akatuambia tusikilize: nyuki. Baadhi ya miti ilikuwa imekwisha kutoa maua yake madogo yasiyoonekana kwa mbali, na msitu mzima ulikuwa unavuma.

Baba watoto alisimama muda mrefu mbele ya mninga mmoja uliobaki na yale matunda yake ya duara yenye miiba, majani bado, maua ya njano yameanza. Alilishika gome lake, akasema amefanya kazi na mti huu tangu ujana na ndiyo kwanza anauona. Mama yake akamwambia, "Sasa ukiupasua utaujua jina," wakacheka wote wawili.

Nilimtumia rafiki yangu picha akiwa kazini kule Vermont. Aliniuliza ni wapi huko Marekani. Nilipomwambia ni Kakonko, mwendo wa asubuhi kutoka Ngara alikokulia, alipiga simu mara ile ile akalia, akasema kambini waliambiwa kila siku pori ni mahali pa kuogopa, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kuwa ni mahali pa kutazama.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Ngara, Biharamulo, Kakonko na Kibondo, na hasa walimu: wapelekeni watoto. Mwisho wa Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba ndiyo majira yake, na mwaka hutofautiana na mwaka, hivyo mwulizeni mzee mwenye mizinga kabla hamjaweka tarehe. Limeni kwanza. Msiwashe moto porini, na mkikuta kisiki kimechipua kiacheni. Kando ya barabara ya Nyakanazi kwenda Kakonko hakuna geti wala kiingilio.